Maswali Yenu kwa Daktari wa Mifugo: Mpita Njia Hamjui Mbwa Wako

Katika safu hii kwa kawaida kuku ndio wanaoongoza: mdondo, ndui, mayai yasiyoanguliwa. Mwezi huu mbwa wamewapita. Sababu yake naiona kila ninapozunguka na pikipiki hapa Morogoro. Watu wanajenga pembezoni mwa mji, ukuta haujapanda, geti ni mabati mawili yaliyofungwa kwa waya, lakini mbwa tayari yupo. Amenunuliwa kwa ajili ya mwizi, na anayekutana naye kila siku ni mtoto wa shule.

Nimechagua barua sita. Naanza na ile isiyosubiri.

SWALI: Dokta, shikamoo. Mwanangu wa miaka saba ameng'atwa mguuni na mbwa wa jirani akitoka dukani. Geti lilikuwa wazi. Jirani anasema mbwa wake kachanjwa, tusiwe na wasiwasi. Mama mkwe amempaka mafuta ya taa na manyoya ya huyohuyo mbwa yaliyochomwa. Kidonda chenyewe ni kidogo. Niende hospitali, au nisubiri nione mbwa atakuwaje?
Mama wa watoto watatu, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikupigia siku ileile, na nimefarijika kusikia mtoto ameshachomwa sindano ya pili. Majibu nayarudia hapa kwa ajili ya mzazi mwingine ambaye simu yangu haitamfikia kwa wakati.

Hospitali, siku hiyohiyo. Na kabla hujaita bodaboda, mpeleke mtoto bombani. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha kabisa. Weka simu ihesabu, maana mtoto akilia dakika tatu huonekana kama kumi na tano. Kama hakuna bomba, mmoja amimine maji kwa kata na mwingine aoshe. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, na sabuni inaviua. Mafuta ya taa hayasaidii kitu pale, pilipili na chumvi huchubua nyama, na manyoya ya kuchoma ni uchafu unaoingizwa kwenye kidonda. Mama mkwe alifanya kama alivyofundishwa na wakubwa wake, kwa hiyo mweleze kwa upole. Lakini kidonda kioshwe upya.

Udogo wa kidonda usikudanganye. Jino likichubua ngozi kidogo tu, njia imeshapatikana. Hospitali watampa chanjo siku hiyo, ambayo wao huiita siku ya 0, kisha siku ya 3, ya 7, na kuendelea kama watakavyoandika kwenye kadi. Kama jino limepenya ngozi, waulize pia kuhusu ile dawa ya kinga ya haraka inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Zile sindano za kuzunguka kitovu ambazo wazee wetu walizihofia hazitumiki tena. Sasa anachomwa begani, na watoto wengi hulia zaidi kwa kuiona sindano kuliko kwa kuchomwa.

Mbwa asiuawe. Najua hasira ya mzazi, na najua vijana wa mtaa wanavyokimbilia mawe. Afungwe mahali salama, apewe maji na chakula, aangaliwe kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi huugua waziwazi na kufa ndani ya muda huo. Akiwa mzima siku ya 10, daktari wa mtoto ataamua kama sindano zilizobaki zina haja. Ila mtoto anaanza sindano leo. Siku 10 ni za mbwa, si za mtoto. Na mbwa akifa, msimzike kimyakimya. Piteni ofisi ya mifugo, kichwa chake kinapimwa maabara.

Na huyo jirani anayesema "kachanjwa" akuonyeshe kadi. Nataka tarehe, nataka saini ya aliyechanja. Nimeshaambiwa "kachanjwa" na mtu ambaye mbwa wake alichomwa sindano ya minyoo miaka mitatu nyuma. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka, na hata kadi ikiwa safi, mtoto anakwenda hospitali.

Nashikilia jambo hili kwa sababu ya mtoto mmoja. Mwaka wangu wa pili kazini, wilaya nyingine kabisa, niliitwa na mganga wa zahanati kuulizia habari za mbwa aliyekuwa ameshafukiwa. Mvulana alikuwa amelala kwenye mkeka, umri wake miaka tisa. Alikuwa ameng'atwa kidoleni miezi miwili nyuma, na kidole kilishapona hivi kwamba kovu ulilitafuta. Dada yake alimsogezea maji kwenye kikombe cha bati cha bluu. Kabla kikombe hakijafika mdomoni, koo lilikaza, shingo ikavutika nyuma, akakisukuma kwa kiganja huku akisema ana kiu. Aliomba maji tena, na yalipoletwa akayakimbia tena. Alifariki kesho yake mchana. Dalili zikishaanza, tiba huwa imeshachelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiwa wameupata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Nikisoma barua yako, neno lililonikaa ni hilo ulilolitaja kwa kupita tu: geti lilikuwa wazi.

SWALI: Dokta, nina jamani shepadi dume wa miaka miwili, nimemfundisha mwenyewe tangu mtoto. Nikisema "kaa" anakaa, "njoo" anakuja. Saa kumi na moja alfajiri natembea naye bila kamba, mtaa ukiwa mtupu. Wiki iliyopita alimrukia mama mmoja anayepeleka vitumbua. Hakumng'ata, alitaka kucheza tu, ila beseni lilianguka. Sasa mjumbe ananitaka nimfunge kamba. Mbwa asiye na shida na mtu kweli anahitaji kamba?
Baba, Goba, Dar es Salaam

JIBU: Anahitaji, kaka. Na nakupongeza kwa kumfundisha, kwa sababu wenzako wengi hununua mbwa na kumtupia makoko ya ugali, wakidhani huko ndiko kufuga. Lakini tuanze na huo mtaa mtupu.

Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa ambayo mtaa wa Kiswahili umejaa watu wasiopiga kelele. Mama wa vitumbua na wa chapati wanatoka. Mlinzi anarudi kutoka lindo. Kuna anayekwenda kuswali alfajiri, na kuna mtoto wa shule ya mbali anayewahi daladala akiwa na sweta na macho ya usingizi. Wewe huwaoni kwa sababu umezoea kumtazama mbwa wako. Wao wanamwona.

"Alitaka kucheza tu" ni habari uliyo nayo wewe. Mama yule hakuwa nayo. Alichokiona ni mnyama wa kilo 35 anayekuja mbio gizani, na mikono yake miwili imeshika mtaji wa siku nzima kichwani. Hakuna namna ya kumtaka mtu afahamu tabia ya mbwa ambaye hajawahi kutambulishwa kwake. Haki yake ni kupita barabarani bila kulazimika kukuamini. Kamba ndiyo inayompa haki hiyo: anaiona kwa mbali, anaona mkono wako umeishika, anaendelea na safari.

Sasa kuhusu utii. Neno "njoo" hufanya kazi vizuri uani na siku za kawaida. Linapimwa siku paka anapokatiza, siku jike lililo kwenye joto limepita usiku na harufu yake bado iko njiani, siku kundi la mbwa koko linapotokea jalalani, siku eksozi ya pikipiki inapolipuka. Siku hizo mbwa husikia sauti yako kama wewe unavyoisikia redio ya jirani. Ni maumbile yake, na yalikuwepo kabla hujamfundisha chochote.

Nakueleza yaliyonikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa na dume langu, Chui, mchanganyiko wa shepadi na wa kienyeji, mpole kiasi kwamba kuku walilala juu yake. Alikuwa kwenye kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nilichokosea ni kola: aliponyolewa manyoya ya shingo kwa ajili ya kupe, sikuikaza upya. Bodaboda ikapiga mlio, Chui akarudi nyuma, akainamisha kichwa, kola ikateleza juu ya masikio kama pete inavyotoka kwenye kidole chenye sabuni. Mkononi nikabaki na kamba na kola tupu. Alimkimbilia dada aliyekuwa anapeleka maziwa. Ndoo ilimwagika yote. Hakumgusa, na maziwa nililipa, lakini yule dada alikaa chini kwenye vumbi akashindwa kusimama, mikono ikitetemeka, na mimi daktari wa wanyama nimesimama mbele yake sina la kusema. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua geti napitisha vidole viwili kati ya kola na shingo. Vikiingia viwili, sawa. Vikiingia vinne, mbwa hatoki. Kisha naivuta kola mbele kuelekea masikioni, nione kama itapita.

Kuna upande wa mbwa mwenyewe, ambao watu hawaufikirii. Mbwa anayetembea huru ndiye ninayemshona baada ya kugongwa na gari. Ndiye anayeokota nyama yenye sumu. Ndiye anayerudi na ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao mwenye mbwa huuona pale damu inapodondoka sebuleni. Na halmashauri ikiendesha msako wa mbwa wazururaji, anayeshika bunduki hamjui jamani shepadi wako aliyefundishwa "kaa". Anaona mbwa asiye na mtu.

Na kwa kuwa umeandika kuhusu matembezi tu, acha nikuulize habari za geti. Mimi husema asilimia kubwa ya kazi ya kumdhibiti mbwa iko kwenye geti, maana visa vingi ninavyoitwa vinaanzia hapo na wala si kwenye matembezi. Gari linafika, honi inalia, kijana anakimbia kufungua, gari linaingia, mbwa anatoka. Sekunde sita hivi. Kwenye geti pameandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, na mbwa mkali yuko nje. Kibao kile humsaidia anayetaka kubisha hodi. Mtoto anayepita njia akiwa na chupa ya mafuta ya kula hakimsaidii kitu.

Weka utaratibu nyumbani kwako, na kila anayeishi hapo aujue, kuanzia mama wa nyumba hadi dada wa kazi aliyefika jana: mbwa kwanza, geti baadaye. Unayekuja na gari, piga simu ukiwa kona ya mwisho, uache honi. Mbwa aingizwe bandani, komeo lifungwe, ndipo geti lifunguliwe. Pigilia msumari karibu na geti, kamba itundikwe hapo saa zote, isiwe kitu cha kutafutwa. Ukipata nafasi, weka kigeti kidogo cha pili cha mbao au nondo ndani ya lile kubwa, mbwa akitoka kwenye kimoja akutane na kingine.

Kwa mama wa vitumbua, nenda nyumbani kwake bila mbwa, mchana, ulipe beseni na bidhaa za siku ile. Usimwambie kwamba mbwa haumi. Mwambie kuanzia sasa atamwona kwenye kamba.

SWALI: Assalaam aleikum, Daktari. Jirani yangu anafuga mbwa wawili na huwafungulia alfajiri wajinyooshe. Nikienda msikitini wananifuata na kuninusa, na mmoja ana tabia ya kulamba. Akinilamba inabidi nirudi nyumbani, na swala ya jamaa inakuwa imenipita. Nimemwambia jirani, akanijibu "hawaumi hao, mzee". Ni mtu mwema, tumeishi naye miaka 12 na tunazikana. Sitaki ugomvi. Nimwambieje?
Mzee wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu la jirani yako ndilo lililonionyesha mlipopishana. Yeye anadhani unaogopa meno. Wewe hulalamikii meno.

Nilifanya kazi Pangani miaka minne, na wenyeji wangu walinielimisha kwa subira. Nawaeleza wasomaji wasiofahamu: kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi, kama wengi wa Waislamu wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Mahali palipolowa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Kwa hiyo mtu aliyetawadha, amevaa kanzu safi, ana dakika chache za kufika msikitini, ulimi mmoja wa mbwa unamvunjia safari yote. Mbwa anaweza kuwa mpole kuliko mbwa wote wa Tanga na bado akawa amemdhulumu mtu ibada yake.

Naamini jirani yako hajui hilo. Mwite barazani jioni, na kahawa iwepo. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, hatua kwa hatua: natoka saa fulani, mbwa ananilamba hapa, narudi, naosha hivi, nakosa swala. Mtu akiambiwa "mbwa wako wananisumbua" hujitetea, lakini akiambiwa kanzu inaoshwa mara saba hunyamaza akafikiri. Kisha mwombe jambo moja linalotekelezeka: asubuhi mbwa wabaki ndani mpaka jua lichomoze, na wakitoka watoke na kamba. Kujinyoosha wanaweza kujinyoosha ndani ya ua.

Wakati mnasubiri mazungumzo hayo, wakikufuata usiharakishe mwendo wala usiwapige bakora. Simama, ubavu uwe upande wao, mikono uikunje kifuani, usiwatazame machoni. Mbwa anayenusa akikosa mchezo huondoka. Na jirani akiwa mgumu baada ya kahawa mbili, mwenyekiti wa mtaa yupo. Halmashauri zina sheria ndogo za mbwa wazururaji, na kumpelekea shauri mwenyekiti si kumchukia jirani.

SWALI: Mbwa wangu ananivuta kama ng'ombe wa jembe. Nimenunua mnyororo mzito nikidhani utamtuliza, sasa viganja vyangu vimechubuka na yeye anakoroma shingo. Majirani wanacheka. Nimekata tamaa, nawaza kumwacha tu bandani.
Dada wa Njiro, Arusha

JIBU: Usimwache bandani, mdogo wangu. Tupa mnyororo kwanza. Uzito haumfundishi mbwa chochote, unamchosha shingo tu, na chuma kikikimbia mkononi kinachuna. Kamba ya katani nayo inaunguza viganja. Nenda kwa fundi viatu. Wa kwangu hapa hunishonea kamba kutoka kwenye mkanda wa kiti cha gari chakavu: ni laini, haikatiki, na haiko mbali na bei ya kandambili. Urefu mita moja na nusu, isizidi mbili. Mwishoni ashone kitanzi cha mkono, na kibanio cha chuma kinachounga kamba na kola ukipime kwa kukivuta kwa nguvu zako zote kabla hujamwamini mbwa nacho. Anayekoroma shingo mshonee mkanda wa kifuani, unaopita mbele ya mabega na nyuma ya miguu ya mbele, ili nguvu isikae kooni.

Kitanzi kipitishe kwenye mkono, kisha shika kamba kwa kiganja. Usiizungushe kwenye vidole wala kiganjani, hata mara moja. Nimeona kidole kilichovunjika kwa namna hiyo, mbwa aliona mbuzi tu.

Sasa somo lenyewe. Chukua dagaa wakavu kiganja kimoja, uwatie mfukoni. Anza uani, geti limefungwa, kabla hajala. Mfunge kamba, anza kutembea. Kamba ikikaza, simama. Usimvute, usimkemee, usiseme kitu, simama kama nguzo ya umeme. Atavuta, atashangaa, atageuka kukutazama. Akigeuka kamba inalegea. Pale pale inapolegea, sema "vizuri", mpe dagaa mmoja karibu na goti lako, endeleeni. Siku ya kwanza mtatembea hatua nne na kusimama mara thelathini. Dakika 10 zinatosha, asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili hivi utaona anakutazama yeye kwanza kabla ya kuvuta. Hapo ndipo mtoke nje, na mtoke wakati barabara imetulia, ukiwa na dagaa. Anayevuta akaachwa aendelee kufika anakotaka, anajifunza kwamba kuvuta ndiyo nauli.

Umri usikutishe, wakubwa wanajifunza. Ila mwenye mtoto wa mbwa asipoteze bahati: kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake, anachokizoea hakimtishi tena ukubwani. Avishwe kola, aburute kauzi kepesi uani, aone baiskeli, ndoo, kanzu, watoto wanaokimbia.

Siku za kampeni ya chanjo ndipo ninapoona gharama ya mbwa wasiojua kamba. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Basi watoto huleta mbwa shuleni, amefungwa kipande cha kamba ya manila shingoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, katikati ya mbwa wengine arobaini. Anajirusha, anajinyonga, anamng'ata aliyemleta. Wengine hurudishwa bila chanjo kwa sababu hawashikiki. Mbwa wako akizoea kamba, atafika kwenye meza yangu na kurudi nyumbani bila mtu kuumia.

SWALI: Mimi sina tatizo la mbwa kuzurura. Wangu yuko kwenye mnyororo chini ya mwembe mchana na usiku, mwaka wa tatu sasa. Lakini amekuwa mkali hata kwangu nikimpelekea chakula. Kwa nini?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa sababu ya mnyororo. Mbwa akitishwa ana njia mbili, kukimbia au kung'ata. Umemwondolea ya kwanza miaka mitatu. Kila anayekaribia ule mduara, wewe ukiwemo, anakuja mahali ambapo hana pa kurudi nyuma. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtunza mnyama ni pamoja na nafasi ya kujisogeza.

Mjengee banda lenye kivuli, apate kusimama, kugeuka na kujinyoosha, maji yawepo muda wote maana joto la Dodoma unalijua. Ua ukiwa na uzio mzima, mwachie humo. Usimfungue kwa pupa: chunguza kwanza shingo, minyororo ya miaka huingia kwenye nyama, na kama kuna kidonda au bado anakuvamia, mwite ofisa mifugo afike hapo. Kama ukali huo umeanza ghafla siku za karibuni, na anatoa udenda au sauti imebadilika, usimkaribie kabisa. Piga simu leo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Njia ya wanafunzi wangu inapita kwenye nyumba nne zenye mbwa, na mageti hayafungwi. Wenye nyumba tunaendelea kuwafuata. Watoto niwafundishe nini kwa sasa?
Mwalimu, Iringa

JIBU: Nakushukuru, Mwalimu, na endelea kuwafuata wenye nyumba, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa na wazazi wawili watatu. Kazi hiyo ni ya watu wazima.

Watoto wafundishe mti na jiwe. Mti: mbwa akija, unasimama, miguu pamoja, mikono umeikumbatia kifuani, macho unayatazama vidole vya miguu yako, mdomo kimya. Hukimbii, kwa kuwa mbwa humfukuza anayekimbia hata kama hakuwa na nia naye. Jiwe: ukiangushwa, unajikunja, magoti tumboni, uso chini, ngumi nyuma ya shingo, mikono imefunika masikio. Kama una begi, linabaki mgongoni. Ukiwa umesimama na mbwa anasogea, liweke begi mbele yako, aling'ate lenyewe. Wasirushe mawe, wasichungulie mageti, wasimshike mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, hata kama wanamjua jina.

Maneno pekee hayatoshi, mtoto aliyeshtuka hayakumbuki. Wafanyie mazoezi uwanjani. Wewe uwe mbwa: tembea kati yao, wanuse, bweka ghafla nyuma ya mmoja wao. Atakayekimbia arudi mwanzo wa mstari. Siku ya kwanza watakimbia karibu wote na kucheka, acha wacheke. Rudia kesho yake, na wiki inayofuata tena bila kuwaambia, wakati wanatoka mapumziko. Ukiona yule mdogo kuliko wote amesimama, amekumbatia mikono, anatazama vidole vyake na hajatikisika mpaka umepita, mwandikie mzazi wake barua umweleze, na umwambie mtoto awafundishe wadogo zake nyumbani.